Picha Zilizoponea Machimboni

Mtu aliyekulia karakana ya seremala hatazami picha kama watu wengine. Nilipofika National Gallery, jijini London, nilisimama mbele ya ile kazi ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, ya mume na mke waliosimama chumbani na kijibwa chao miguuni. Wenzangu walikuwa wakistaajabia kioo cha mviringo kilichochorwa ukutani nyuma ya wale wawili. Mimi nilikuwa nimeinama pembeni natafuta ubao. Picha ile haikuchorwa kwenye kitambaa. Iko juu ya mbao za mwaloni, na mbao haiachi kucheza hata ikiwa imekatwa karne sita zilizopita. Mlinzi akanikoholea, nikarudi nyuma.

Kwetu Unguja fundi wa milango analijua hilo mapema. Masika mbao inakunywa, inavimba, mlango unagoma kufungika. Jua likiwaka inanywea, inaacha ufa. Ndiyo maana ubao wa katikati haupigwi gundi kwenye fremu yake; unaachiwa nafasi ya kuchezea. Sasa paka rangi juu ya ubao huo. Rangi iliyokwisha kukauka haivutiki, kwa hiyo mbao ikitanuka na kunywea, rangi inatoa malengelenge, kisha inabanduka. Kwa jicho la seremala, historia ya jumba hili ni ugomvi mrefu na hewa.

Lilianza mwaka 1824, Bunge la Uingereza liliponunua picha 38 za marehemu John Julius Angerstein kwa pauni 57,000. Angerstein alikuwa tajiri wa bima za meli, na pia msimamizi wa mali za watu wenye mashamba ya watumwa kule Grenada. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa zaidi fedha za namna hiyo zinanuka nini. Picha zilianza kuonyeshwa nyumbani kwake mtaa wa Pall Mall, bila kiingilio, na hadi leo mkusanyiko wa kudumu hutazamwa bure. Mwaka 1838 zikahamia jengo jipya la Trafalgar Square, mahali palipokuwa mazizi ya farasi wa mfalme. Palichaguliwa kwa sababu palikuwa katikati: matajiri wangetoka magharibi kwa magari ya farasi, maskini wangetoka mashariki kwa miguu.

Na maskini walikuja kweli. Wengine waliingia kujikinga mvua, wengine na vikapu vya chakula na watoto wachanga. Nje, moshi wa makaa ya mawe ulijaa mjini. Mwaka 1850 kamati ya Bunge iliulizia hali ya picha, na mmoja wa waliohojiwa alikuwa Michael Faraday, yule mwanasayansi wa umeme, kuhusu moshi na mvuke unavyoziharibu. Wapo waliotaka jumba lihamishiwe mbali na katikati ya mji. Picha zikabaki pale pale, nyingi zikawekewa vioo. Hapo nawasifu: ilikuwa rahisi zaidi kufukuza watu.

Dawa yenyewe ilikuja na vita. Mwishoni mwa Agosti 1939, siku chache kabla Uingereza haijatangaza vita, picha zilipakiwa kwenye magarimoshi kwenda Wales, zikatawanywa kwenye majumba na vyuo. Mabomu yalipoanza kukaribia huko pia, wakatafuta shimo. Wakalipata Manod, mlima wenye machimbo ya mawe meusi yanayochanwa kuwa vigae vya kuezekea. Mlango ulikuwa mdogo, wakaupanua kwa baruti. Picha ya Mfalme Charles wa Kwanza akiwa juu ya farasi, kazi ya Van Dyck, ina kimo cha zaidi ya mita tatu na nusu. Njiani kulikuwa na daraja la reli, lori lenye sanduku lake lisingepita chini yake. Wakachimba barabara ishuke. Hilo ndilo jibu la fundi: kama huwezi kuinua kizingiti, shusha sakafu.

Ndani ya mlima kulikuwa baridi ya nyuzi 8 hivi na unyevu wa kutonesha maji. Walijenga vyumba vya matofali humo humo pangoni, wakapasha hewa hadi nyuzi 17. Hewa ya baridi ukiipasha bila kuiongezea maji, ukavu wake unapanda. Unyevu ukashuka hadi asilimia 42 na kutulia hapo, usiku na mchana, kiangazi na kipupwe. Mafundi waliozoea kugandisha upya rangi iliyobanduka, mwaka baada ya mwaka, wakaona kazi hiyo imekwisha karibu yote. Mbao zilikuwa zimetulia.

London nako kuta zilikuwa tupu na jengo lilipigwa mabomu mara kadhaa. Mpiga piano Myra Hess aliandaa muziki wa saa ya chakula cha mchana humo, na kuanzia 1942 picha moja ililetwa kila mwezi watu waitazame. Nyingine zilirudi 1945. Baada ya hapo jumba likaanza kuweka mitambo ya kudhibiti hewa, chumba baada ya chumba, likiiga lile pango. Martin Davies, aliyekaa na picha hizo Wales miaka ya vita akiziandikia katalogi, alikuja kuwa mkurugenzi mwaka 1968.

Machimbo yenyewe serikali haikuyaachia vita vilipokwisha. Iliyashikilia kwa miongo mingine, enzi za hofu ya nyuklia, ili picha ziwe na pa kukimbilia. Wakazi wa London hawakuwekewa nafasi humo.