Herufi za Vinili katika Arusi: Historia Fupi na Funzo kwa Walimu

Arusi ni shughuli ya watu wengi, na palipo na watu wengi maandishi hayakosi kuhitajiwa. Wageni hupenda kukaribishwa, kuonyeshwa mahali pa kuketi, na kukumbushwa majina ya wanaooana. Siku hizi vibao vya namna hiyo aghalabu hutengenezwa nyumbani na jamaa wenyewe, kwa herufi zilizokatwa katika utando mwembamba wa plastiki uitwao vinili, kisha zikabandikwa juu ya ubao au kioo. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi ufundi huu ulivyopatikana, na kuonyesha kwa nini unamhusu mwalimu wa Kiswahili.

Kwa Waswahili, maandishi kuandamana na sherehe si jambo geni. Kanga imebeba semi tangu mapema katika karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kilatini. Hata hivyo, mnunuzi wa kanga huchagua usemi uliokwisha kupigwa chapa kiwandani, hautungi yeye. Na kisutu, kanga mashuhuri ya bi arusi, kwa desturi haina usemi wowote. Kibao cha arusi ni kinyume cha hayo: maneno yake hutungwa na wenye arusi.

Kwa miaka mingi aliyetaka kibao alikwenda kwa fundi wa kuandika vibao. Fundi huyo alipiga mistari kwa chaki, akapima nafasi ya kila herufi kwa jicho, kisha akaijaza rangi kwa brashi. Ujuzi wake ulichukua miaka kuupata. Jambo lililoubadili ni mkutano wa vitu vitatu: plastiki laini, gundi isiyohitaji maji, na mashine ya kukatia.

Plastiki yenyewe ilionekana kwanza katika maabara ya Mjerumani Eugen Baumann mwaka 1872, lakini ilikuwa ngumu na haikufaa kitu. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon, akitafuta njia ya kushikamanisha mpira na chuma, aligundua namna ya kuilainisha. Mwaka 1935 R. Stanton Avery wa Los Angeles alianza kutengeneza lebo zenye gundi yake tayari. Mashine ilichelewa zaidi. Aliyeileta ni Joseph Gerber, aliyezaliwa Vienna mwaka 1924, akakimbilia Marekani mwaka 1940 kuokoka mateso waliyopata Wayahudi. Kampuni yake ilikuwa imekwisha kutengeneza mashine ya kukata vitambaa vya nguo. Mapema katika miaka ya 1980 ikatoa mashine ya kukata herufi za vinili. Katikati ya miaka ya 2000 mashine ndogo za namna hiyo, zinazotosha juu ya meza ya jikoni, zilianza kuuzwa kwa watu wa kawaida, na hapo arusi ikapata fundi wake wa nyumbani.

Kazi yenyewe huenda hivi. Maneno hupangwa katika kompyuta. Wembe mdogo hupita juu ya vinili, ukikata utando wa juu tu bila kuitoboa karatasi iliyo nyuma yake. Kisha hufuata kuchambua: ziada yote huondolewa kwa kibano, hata vile vipande vidogo vilivyomo ndani ya A na B. Utepe wenye gundi hafifu hubandikwa juu, herufi zikainuliwa zote pamoja kwa mpangilio wake, zikawekwa juu ya kibao kilichofutwa vumbi na mafuta. Husuguliwa vizuri, na utepe hubanduliwa polepole. Mwenye haraka huvuna mapovu ya hewa.

Ufundi huu umetupa faida moja ambayo walimu hatuna budi kuitambua. Kabla yake palikuwa na karatasi za herufi za kusugua, zilizotolewa na kampuni ya Letraset ya London tangu mwaka 1961. Idadi ya kila herufi katika karatasi hizo ilifuata mahitaji ya Kiingereza, ambamo E ndiyo herufi inayotumika zaidi. Hebu tuandike TUNAWAKARIBISHA WAPENDWA WAGENI: tutahitaji A saba, na E mbili tu. Aliyeandika Kiswahili kwa karatasi hizo aliishiwa na A huku E zikimbakia. Mashine ya leo hukata A kadiri tutakavyo. Lugha yetu haikopi tena hesabu za lugha nyingine.

Lakini kila faida ina gharama yake. Kwanza, mafundi wengi wa brashi walipoteza riziki katika miaka ya 1980 na 1990, na pamoja nao ukapungua ujuzi wa mkono. Pili, fundi alikuwa pia msomaji. Alipoletewa neno lililoandikwa vibaya, aliweza kuuliza kabla ya kulichovyea brashi. Mashine haiulizi. Ikipewa KALIBUNI itakata KALIBUNI, kwa ustadi ule ule ambao ingekata KARIBUNI. Katika nchi zetu, ambamo wanafunzi wengi huchanganya L na R kwa sababu ya lugha zao za kwanza, hatari hii si ndogo. Vivyo hivyo mwandishi husahau kwamba KARIBU humwita mtu mmoja, na kwamba wageni mia wastahili KARIBUNI. Ama kuhusu ARUSI na HARUSI, maumbo yote mawili yanatumika. Litakiwalo ni kuchagua moja na kulifuata katika vibao vyote.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba somo la insha lisiishie katika daftari. Wanafunzi watunge maneno ya kibao cha arusi, wahesabu herufi zake, wasahihishane, kisha wayaandike kwa mkono kabla ya mtu yeyote kugusa mashine. Kibao hutazamwa na kijiji kizima, na picha zake hukaa nyumbani miaka mingi baada ya karamu. Kosa lililomo humo huwafundisha wengi kuliko somo la darasani, na jicho la kulizuia sasa limebaki letu.