Neno na Maana: "Mwisho wa siku"

Mtangazaji wa redio anasimulia mechi ya saa nane mchana: "Wameshambulia weee, na mwisho wa siku wamepata bao." Jua bado kali. Siku gani hiyo iliyokwisha?

Si kwamba hajui Kiswahili. Kichwani mwake Kiingereza nacho kinaongea, na Waingereza hutumia maneno hayo kufungia hoja, hata iwe alfajiri. Yeye kayahamisha mojamoja. Kwetu, mwisho wa siku ni jioni, mwenye duka anapohesabu mauzo. Yapindue maneno, useme siku ya mwisho, na hapo umefika Kiyama.

Tunayo *hatimaye*, yaani hatima yake, kutokana na *hatima*, neno lenye asili ya Kiarabu. Ndani yake mna kungoja: hatimaye mvua imenyesha. *Mwishowe* hufuatisha mambo tu: walibishana, mwishowe wakaondoka. Anayetaka kukusanya maneno yake aseme *alhasili*, ambalo wazee wa pwani hawajalitupa. Bao la mtangazaji wetu, baada ya mashambulizi yote yale, lilistahili *hatimaye*.

Kiingereza chetu nacho hakikusalimika. Mtu akijikwaa barabarani, Nairobi au Dar es Salaam, tunamwambia "sorry", na mgeni kutoka London anashangaa: kwani wewe ndiye uliyemsukuma? Ni *pole* hiyo, imevaa suti. Hiyo mimi siigusi.