Maji Yaliyo Chini na Shamba Lililo Juu

Mtu akisimama Kigera, hapa Musoma, wakati wa kiangazi, huona jambo la kustaajabisha. Ziwa Victoria, lililo kubwa kupita maziwa yote ya Afrika, haliko mbali naye. Na papo hapo mahindi yamekunja majani kwa kiu. Baina ya maji na mahindi hapana jangwa, pana mwinuko tu. Lakini maji hayapandi mwinuko yenyewe. Lazima iwepo nguvu ya kuyapandisha, na nguvu hiyo kwa muda mrefu imekuwa ni kichwa cha mama na ndoo yake.

Siku hizi husemwa sana juu ya nishati safi kwa mkulima wa nchi changa: jua, upepo, gesi ya samadi. Wako wanaodhani kuwa hayo ni mambo mapya yaliyoletwa juzi na wafadhili. Waama, sivyo.

Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuteremsha maji ya mlimani mpaka kwenye migomba na ulezi. Wapare wakajenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili yafunguliwe mchana mashambani. Nguvu iliyoyaendesha maji hayo ni mteremko tu, usio na moshi wala bei. Hata hivyo palikuwa na gharama nyingine ambayo watu huisahau: mfongo ulikuwa na wenyewe. Ulikuwa na mzee wake, na siku yake ya kusafishwa, na faini kwa asiyefika kazini. Ndugu zetu wa Oman nao wana falaj, mifereji ya namna hiyo hiyo, ambayo mitano kati yake iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Huko zamu za maji zilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, na falaj ina wakili wake. Sehemu ya zamu hupigwa mnada, na fedha zake hutumika kwa matengenezo.

Ama mahali ambapo maji yako chini, kama hapa kwetu, watu walitafuta hila nyingine. Katika mji wa Hama, nchini Syria, yako magurudumu ya mbao yazungushwayo na mto wenyewe, yakachota maji ya mto huo huo na kuyamimina juu. Kubwa lao lilijengwa mwaka 1361, na upana wake ni kiasi cha mita 21. Lilipeleka maji mpaka Msikiti Mkuu. Na huko Sistan, Uajemi, mwanahistoria al-Masudi aliandika katika karne ya 10 juu ya vinu vya upepo vilivyovuta maji ya kunyweshea bustani. Katika miji ya Kiislamu, kazi kama hizi mara nyingi ziliwekewa wakfu: shamba au duka ambalo pato lake lilinunua mbao na kulipa mafundi. Kwa hiyo aliyejenga alimfikiria pia atakayetengeneza.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1971 TANU iliamua kwamba katika muda wa miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Uamuzi ulikuwa wa heri kabisa. Pampu zikafungwa vijijini, na nyingi zilikuwa za dizeli. Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na kufikia Januari 1974 bei ya pipa la mafuta ilikuwa imepanda kutoka kiasi cha dola 3 hadi karibu dola 12. Mwaka huo huo wa 1974 watu wengi, wa Mara wakiwemo, walihamishiwa vijiji vipya, na vijiji vipya vilihitaji maji. Tena ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikapanda upya. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tunazikumbuka foleni. Injini nyingi zikanyamaza, hii kwa kukosa dizeli, ile kwa kukosa mkanda tu au mpira wa kuzuia maji. Watu wakasema injini mbovu. Hazikuwa mbovu, zilikuwa yatima.

Taabu hiyo ndiyo iliyowafungua wengi macho. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, ilianza mwaka 1975 kujenga mitambo ya gesi ya samadi kwa mfano wa India, yenye pipa la chuma linaloelea. Chuma ni ghali, na tena hushika kutu. CAMARTEC ya Arusha, iliyoundwa mwaka 1981, ilishirikiana na Wajerumani kuanzia mwaka 1983 kueneza mtambo wa matofali uliozikwa ardhini. Gesi yapika, na tope linalobaki ni mbolea njema kwa migomba na kahawa. Meru na Kilimanjaro jambo hili lilishika, kwa kuwa ng'ombe wa huko hulishwa zizini. Kwetu Mara ng'ombe ni wengi zaidi, lakini hutembea kutwa, na samadi yao hubaki porini. Tena mtambo wataka maji karibu sawa na samadi, na maji ndiyo tuliyoyakosa tangu mwanzo!

Upepo nao una tabia zake: ukiongezeka kasi mara 2, nguvu yake huongezeka mara 8, na ukipungua huanguka vivyo hivyo. Kule Thika, Kenya, zilitengenezwa pampu za upepo ziitwazo Kijito, na faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba vipuri vilikuwa karibu.

Kwa Kigera ya leo, jua ndilo jepesi zaidi. Pampu ya sola haina haja ya betri: hupandisha maji mchana mpaka kwenye tangi lililo juu, na usiku maji hushuka yenyewe, kama mfongo. Lakini paneli hudumu miaka 20 na zaidi, na pampu iliyozama majini kwa kawaida haifiki huko. Basi kikundi kinachonunua vyote kwa siku moja kitanunua pampu ya pili hali paneli zake bado nzima, na fedha ya pampu hiyo ya pili ndiyo isiyoulizwa siku ya uzinduzi.