Mnazi Wangu, Ardhi ya Mwingine

Historia ya tovuti binafsi huanzishwa kwa desturi kwenye mashine: maabara ya CERN huko Uswisi, Tim Berners-Lee, ukurasa wa kwanza mwaka 1991. Kwa kijana wa Kaloleni, Kilifi, anayetengeneza ukurasa wake wa kwanza leo, naiona historia hiyo ikianzia mbali mno naye. Analolifanya linaeleweka vyema zaidi likiwekwa ndani ya historia ya hapo hapo alipo, historia ya minazi, ardhi na mashahidi. Hoja yangu ni kwamba watu wa Kilifi wana sababu nzito kuliko wengi za kutaka mahali pao wenyewe pa kuweka jina lao, na sababu hizo ni za zamani kuliko kompyuta.

Katika nchi ya Wagiriama kuzunguka Kaloleni, mnazi na ardhi iliyouotesha viliweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu aliuza minazi yake au akaiweka rehani, na ardhi ikabaki yake. Mnunuzi aliangua nazi, akakausha mbata, akaleta mgema wake, lakini mali yake yote ilisimama juu ya udongo wa mtu mwingine. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti huko katika miaka ya 1960 na kuchapisha Palms, Wine, and Witnesses mwaka 1972, alionyesha jinsi biashara ya mbata ilivyowawezesha wachache kukusanya minazi ya majirani zao, na jinsi hao hao walivyolazimika kuwabembeleza wazee. Mauziano yalitegemea ushahidi wa mdomo. Mnazi ulikuwa wako kadiri wazee waliokuwepo siku ile walivyokuwa tayari kusimama mbele ya baraza na kusema kwamba ni wako. Mzee akifariki, au mkikosana, dai lililegea.

Karibu na bahari mambo yalikuwa mabaya zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa maili kumi wa pwani wajitokeze waandikishwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Uingereza. Madai ya pamoja, ya ukoo au ya kijiji, hayakuwa na nafasi katika utaratibu huo. Ndiyo maana hadi leo, kutoka Kilifi hadi Malindi, zipo familia za Kimijikenda, Wagiriama wakiwemo, zinazoitwa maskwota mahali palipo na kaburi la babu na mwembe wa nyanya. Walikuwepo na walilima, ila jina lao halikuandikwa mahali ambapo sheria ilikubali kulisoma. Na kule jina lao lilikoandikwa, kalamu ilikuwa ya mgeni: W. E. Taylor wa misheni ya CMS alichapisha msamiati wa Kigiriama mwaka 1891, na afisa wa kikoloni Arthur Champion akaandika habari za Wagiriama. Kazi hizo zina thamani kubwa, nami sizibezi. Lakini aliyeamua kipi kiingie na kipi kiachwe hakuwa Mgiriama.

Sasa tuje kwenye mtandao, ambao pwani uliifikia kwa mpangilio uliogeuka. Kenya iliunganishwa katikati ya miaka ya 1990, kwa setilaiti na kwa bei kali, wakati ule ule ambapo Marekani watu wa kawaida walikuwa wakijijengea kurasa zao kwa maelfu kwenye GeoCities, iliyoanza mwaka 1994. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Oktoba ya mwaka huo huo, Yahoo iliifunga GeoCities. Intaneti ya kasi ilitufikia basi pale zama za ukurasa binafsi zilipokuwa zikifungwa, na wengi wetu tukaingia moja kwa moja kwenye Facebook na WhatsApp bila kupita kwenye tovuti yetu wenyewe. Tulianza kwa kupanda minazi kwenye ardhi ya mwingine, na mwenye ardhi ana haki ya kubadili masharti. Mwaka 2019 Myspace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizopakiwa kwa takriban miaka 12 zilikuwa zimepotea wakati wa kuhamisha seva.

Nitaambiwa kwamba tovuti yenyewe pia ni ya kupanga: jina lake hulipiwa kila mwaka, na seva ni ya kampuni. Ni kweli, lakini tofauti iko ndani ya faili. Faili ya kwanza ya anayeanza ni maandishi matupu. Anaandika kichwa na aya, kila kimoja kati ya alama ya kufungua na ya kufunga, anaihifadhi kwa jina index.html, anaibofya, na kivinjari kinaionyesha hata kama kompyuta haina bando. Faili hiyo ni nyepesi kuliko picha moja ya simu. Kampuni ya seva ikifilisika au ikipandisha bei, faili na jina vinahamia kwingine, na msomaji anafika kwa anwani ile ile. Tena haichakai upesi: CERN ilipourudisha hewani ukurasa wa kale mwaka 2013, vivinjari vya kisasa viliusoma bila shida. Kenya hata imetenga anwani za me.ke kwa ajili ya watu binafsi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hakuna atakayeisoma. Wasomaji wako Facebook, na Novemba 2014 Airtel ilipoanza kutoa huduma hiyo Kenya bila gharama ya bando, mwenye simu ndogo hakuwa na sababu ya kwenda kwingine. Silikatai hilo, mwenye bidhaa na auze penye wanunuzi. Lakini kumbukumbu haipimwi kwa wingi wa wasomaji wa wiki ya kwanza. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee wa Kigiriama kando ya vigango viwili, nguzo za mbao za ukumbusho alizowasimikia ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vigango hivyo viliibwa. Picha ilikaa miaka bila kumfaa mtu, hadi mwaka 1999 Udvardy alipokitambua kimoja katika mkusanyiko wa jumba moja la makumbusho huko Illinois, Marekani. Cha pili kikapatikana katika Chuo Kikuu cha Hampton. Kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudishwa Kenya. Msomaji mmoja alitosha, kwa sababu mwenye vigango alijulikana na mwaka wa picha ulijulikana.

Ila picha hiyo nayo ilikuwa mikononi mwa mgeni, mwema lakini mgeni. Vigango vingine vingi viko ughaibuni bila picha ya aina hiyo, na majumba ya makumbusho hayajui virudi kwa nani. Familia yenye picha za kigango chake, jina la aliyesimikiwa na mahali kilipo inaweza leo kuyaweka hayo yote pamoja kwenye ukurasa mmoja wa index.html, kwa anwani yake yenyewe, na mtoto aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuutengeneza kwa siku chache.