Hiari na Kujiendea: Neno Moja katika Historia ya Mpanda

Tunapohakiki maandishi ya historia, neno "hiari" huwa tunalipita tu, kana kwamba maana yake iko wazi. Kumbe ndani yake huchanganywa dhana mbili.

Katika sayansi, jambo hujiendea lenyewe bila kusukumwa. Chai ikiachwa mezani hupoa. Urani hugeuka polepole, mwisho ikawa risasi, madini yaliyoifikisha reli ya mkoloni Mpanda. Lakini hakuna chai iliyowahi kuamua kupoa. Katika maisha ya kila siku, hiari ni uamuzi wa mtu ambaye angeweza pia kukataa. Ndiyo maana wahenga wakasema hiari yashinda utumwa.

Sasa tuitazame Mpanda. Mwaka 1972, mauaji ya Wahutu yalipopamba moto Burundi, maelfu walivuka kuingia Tanzania bila kusubiri kuambiwa na mtu. Serikali ikawapangia makazi ya Katumba, na mwaka 1978 Mishamo. Wakafyeka pori, wakalima. Je, walikuja kwa hiari? Hata kidogo. Kule kulikuwa kujiendea kwa uhai unaokwepa kifo.

Wenyeji nao hawakusalimika na neno hili. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Hiari iliyochelewa ikageuzwa amri, basi!

Kuanzia mwaka 2007 wakimbizi wa makazi yale, pamoja na wenzao wa Ulyankulu, Tabora, walitakiwa kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia. Takriban wanne kati ya watano walichagua uraia, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Hii tungeiita hiari halisi, ila lilikuwapo sharti: wahame, watawanywe mikoa mingine. Yaani uraia upate, shamba uliache. Vyeti vilikuja kutolewa mwaka 2014, mpango wa kuwahamisha ulipokwisha kuachwa.

Mhakiki afanye nini basi? Kila akikuta imeandikwa kwamba watu "walihama kwa hiari", aulize: aliyekataa angepatwa na nini? Kama jibu ni kifo, au kupoteza shamba, mwandishi ameandika hiari pasipo na mchaguzi. Na hapo wanaofutwa katika historia ni watu wenyewe, waliopima, wakaogopa, wakaamua.