Kiangazi Kwenye Barabara ya Uvira

Anayetoka Uvira kwenda Bukavu, nchini Kongo, mwezi wa Agosti huanza kwa kuliacha Ziwa Tanganyika nyuma yake. Kushoto, miteremko ya Mitumba ina mabaka meusi yaliyoachwa na moto; kulia, nyasi za uwanda wa Ruzizi zimekauka hadi mpaka wa Burundi. Milima imeukinga uwanda huu pande zote mbili: mvua nyingi huangukia juu, na tangu Juni hadi Septemba ni nadra tone kuanguka chini.

Moto huo si wa bahati mbaya tu. Mfugaji huchoma ili majani mabichi yachipue, mkulima husafisha shamba, na zamani mwindaji aliwatoa wanyama vichakani. Upepo wa mchana ukishika kasi, moto hupanda mlima bila kumwuliza aliyeuwasha.

Wageni wa kwanza kuuandikia ulimwengu habari za Uvira hawakuiona sura hiyo ya kiangazi. Burton na Speke walifika kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwezi wa Aprili 1858. Livingstone na Stanley walikuja kaskazini mwa ziwa Novemba 1871. Yote ni miezi ya mvua. Walikuwa wanatafuta jambo moja: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Burton aliambiwa na wenyeji kwamba unaingia, na miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley wakapiga makasia hadi mdomoni na kukuta ndivyo ulivyo. Wenyeji hawakuhitaji kupiga makasia.

Wabelgiji ndio walioufanya uwanda kuwa njia ya mizigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 reli fupi, isiyofika kilomita 100, iliunganisha bandari ya Kalundu na Kamanyola. Meli ilishusha shehena, treni ikaivusha uwanda, kisha malori yakapanda mlima wa Ngomo. Nia ilikuwa kufika Bukavu, lakini kutoka ziwa lililo mita 773 juu ya bahari hadi mji ulio karibu mita 1,500, reli iligota chini ya mlima. Ilifungwa mwaka 1958, barabara ikabaki peke yake. Ukame nao haukuwashinda wakulima: mifereji ilichota mito ya milimani, pamba ikalimwa, na huko Kiliba miwa ikapata kiwanda chake cha sukari, hadi vita vya 1996 vilipokinyamazisha.

Kwenye barabara hiyo, usiku wa tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, katikati ya uwanda. Watu walilikimbilia na ndoo na madumu. Wengine walikuwa wamejazana kwenye vibanda vya video kutazama Kombe la Dunia. Mafuta yakashika moto, na nyumba za udongo na nyasi zikawaka pamoja na waliokuwa ndani. Waliokufa walizidi 230. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja, kwa kuwa hawakutambulika.

Malori hayakuacha kupita. Ila Ngomo, vumbi lake kiangazi na utelezi wake masika, iliwafundisha madereva njia nyingine: kwa miaka mingi magari madogo yalivuka mpaka Kamanyola, yakaingia Rwanda kupitia Bugarama, yakafuata lami na kurudi Kongo kwenye daraja la Ruzizi, mlangoni mwa Bukavu. Abiria aligongewa mihuri ya nchi mbili ili afike mji wa jirani nchini mwake.