Chombo Kingali Kiwandani: Historia ya Kungoja Usafiri Dar es Salaam

Kiswahili kina methali mbili juu ya kungoja, na kila moja yaikanusha nduguye. Ya kwanza yasema subira huvuta heri. Ya pili yajibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga hawakuona haja ya kuzipatanisha, maana walijua kwamba zote mbili ni kweli, na kwamba aghalabu humpata mtu yule yule katika siku moja. Anayetaka kuziona zikitenda kazi pamoja na aitazame historia ya usafiri wa jiji la Dar es Salaam, hususan wa vitongoji vyake vya Kinondoni na Temeke. Huko, kwa zaidi ya nusu karne, watu wamengojea vyombo vinavyoundwa katika viwanda vya mbali, kwa mikataba wasiyoitia saini wao. Kimojawapo cha karibuni miongoni mwa vyombo hivyo ni treni ya umeme, iliyoagizwa Korea ya Kusini mwaka 2021 na kuanza kubeba abiria mwaka 2024.

Kuagiza chombo kiwandani si sawa na kununua chombo kilichokwisha kuundwa. Mnunuzi wa kawaida hukiona kitu chake, hukizunguka, hukigonga kwa kidole, kisha akalipa. Mwagizaji hulipa kwanza kwa ajili ya kitu ambacho hakijawa kitu: ni mchoro, ni ahadi, ni chuma ambacho bado hakijakatwa. Muda wote wa kungoja, chombo chake huishi katika maneno tu.

Jambo hili halikuanzia bara, bali Unguja. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alijenga mwaka 1879 reli ndogo iliyotoka mjini kwenda kwenye kasri lake la Chukwani. Hapo mwanzo mabehewa yake yalikokotwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sultani akaagiza kichwa cha treni kutoka kiwanda cha Bagnall, huko Stafford, Uingereza. Basi ikawa reli ipo, abiria yupo, behewa lipo, na nyumbu wanaendelea na kazi yao wakati chuma kinafuliwa katika nchi ya baridi. Sura hiyo, ya njia iliyotangulia chombo chake, haikuondoka tena katika historia ya pwani hii. Tofauti moja tu yafaa kukumbukwa: Barghash aliyengoja ndiye Barghash aliyeagiza.

Chombo kilipofika kilikuta neno limekwisha kumngojea. “Gari” limetujia kutoka Bara Hindi, na watu wa mwambao walilitumia kwa kila kilichokwenda kwa magurudumu. Chenye kutoa moshi kikaitwa gari la moshi, na jina likavuka bahari pamoja na reli. Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, vichwa na mabehewa yalitoka viwanda vya Ulaya, lakini jina halikutoka huko. Huu ndio mgawanyo wa kazi ambao umedumu hadi leo: chombo huundwa ng’ambo, na jina huundwa hapa.

Mji wa Dar es Salaam, ambao Seyyid Majid, kakaye Barghash, aliuanzisha katika miaka ya 1860, ulikua ukitanuka kwa namna iliyowaweka watu wa kipato kidogo mbali na kazi zao. Mwafrika aliyehamishiwa au kuhamia Magomeni, Kinondoni au Temeke alikuwa na safari ya kila asubuhi kwenda bandarini, Kariakoo au maofisini, na safari ya kila jioni ya kurudi. Tangu miaka ya mwisho ya 1940 kazi hiyo ya kuwachukua ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza iliyojulikana kwa herufi zake tatu, DMT. Serikali iliitaifisha mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaigawa mara mbili: KAMATA ikapewa njia za mikoani, na Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ikapewa jiji.

Mabasi ya UDA yaliyobaki katika kumbukumbu za wengi ni yale ya Ikarus, yaliyoundwa Hungaria. Mengine yalikuwa marefu, yenye kiungo katikati, na kiungo hicho kilifungwa kwa turubai la mikunjo lililojinyoosha na kujikunja kwenye kona mithili ya kodiani ya taarabu. Watu waliyaita kumbakumba, kwa kuwa lilipopita moja lilikumba kituo kizima, wazee kwa watoto. Jina hili ni sifa, lakini ndani yake mna malalamiko: chombo hukumba watu wengi kwa mara moja pale tu ambapo wengi wamerundikana wakikingoja.

Na walirundikana kweli. Bei ya mafuta iliyopanda duniani mwaka 1973, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita dhidi ya Idi Amin vya 1978 na 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni. Bila fedha hizo hapakuwa na basi jipya, wala kipuri cha basi kuukuu. Basi lililoharibika liliweza kulala karakana miezi mingi kwa kukosa kitu kimoja kidogo kilichoundwa Budapest. Katika miaka hiyo ya uhaba, hata mwenye gari lake mwenyewe alikatazwa kuliendesha siku ya Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Kwa hiyo kungoja kukawa si jambo la kituoni tu. Kukawa hali ya nchi.

Hapa ndipo methali ya pili ilipoishinda ya kwanza. Watu wa vitongoji hawakukaa wakisubiri agizo la serikali likamilike. Magari madogo ya watu binafsi, ambayo sheria haikuyaruhusu, yakaanza kubeba abiria kwa shilingi 5. Sarafu ya shilingi 5 ilikuwa ikiitwa dala, na makondakta wakawa wanaita abiria kwa kutaja nauli: dala, dala! Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, serikali iliwaruhusu wenye magari binafsi kuingia katika kazi hiyo kwa leseni. Neno la wito likawa jina la chombo, na nauli ilipopanda jina halikupanda nayo. Leo daladala ni neno la Unguja na Pemba pia, na wengi wanaolitumia hawakuwahi kuiona sarafu iliyolizaa.

Zikaja pikapu zilizowekewa mabenchi nyuma, abiria wakiketi wakitazamana magoti kwa magoti, nazo zikaitwa chai maharage. Zikaja Hiace, zikaitwa vipanya. Nyingi ya gari hizi ziliingia baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha za kigeni zao kuagiza bidhaa, na zaidi baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais wa Muungano mwaka 1985. Ndipo kitenzi “kuagiza” kilipobadilika maana. Zamani aliyeagiza ni shirika. Sasa alikuwa ni mwalimu, nesi, fundi au mfanyabiashara aliyepeleka fedha Japani au Dubai, kisha akahesabu siku za meli. Gari lake lilikuwa la mtumba. Lilikuwa limekwisha kuundwa, limekwisha kutumika, limekwisha kuwa la mtu mwingine. Aliyeagiza aliingojea meli, hakukingojea kiwanda. Alilipwa fidia ya uchakavu kwa kupunguziwa muda wa kungoja, na wengi waliona biashara hiyo ni ya haki.

Lakini mabasi makubwa na treni havipatikani kwa njia hiyo, na jiji lilipofurika foleni ikaonekana dhahiri kwamba vipanya pekee havitatosha. Mwezi Oktoba 2012 treni za abiria za ndani ya jiji zilianzishwa, moja kati ya stesheni ya kati na Ubungo, sehemu iliyokuwa bado ya Kinondoni, na nyingine katika reli ya TAZARA kupita upande wa Temeke hadi Mwakanga. Wananchi waliipa jina la waziri aliyeisimamia, wakaiita treni ya Mwakyembe. Tarehe 10 Mei 2016 yakaanza mabasi yaendayo haraka kati ya Kimara na Kivukoni, kwa mabasi 140 yaliyoagizwa China. Jina walilopewa na watu ni mwendokasi, na tangu siku hiyo jina hilo limekuwa kama hati ya deni: kila mara abiria anaposimama kituoni saa nzima, hulitamka kwa sauti ya mdai.

Temeke ilipewa sehemu ya pili ya mradi huo, kilomita 20.3, ambayo njia yake kuu hufuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Ujenzi ulianza mwaka 2019. Njia za zege zikamwagwa, vituo vikaezekwa, milango ya tiketi ikasimama, na mabasi hayakuwapo. Wakazi wa Mbagala waliendelea kusongamana ndani ya daladala zilizotambaa kandokando ya barabara pana iliyo tupu. Mabasi ya njia hiyo, yanayotumia gesi asilia na yaliyoagizwa China, yalianza kuteremshwa bandarini mwaka 2025. Ni ile ile reli ya Chukwani, ila safari hii hapakuwa na nyumbu wa kujaza pengo. Watu walijaza pengo kwa miili yao wenyewe.

Ndipo inapokuja habari ya umeme. Tarehe 12 Aprili 2017 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la reli mpya ya kisasa huko Pugu, pembezoni mwa jiji. Kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki na mwenzake wa Ureno, Mota-Engil, walipewa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, kikitazamiwa kumalizika mwaka 2019. Mwaka huo ulipita, na mingine ikafuata. Magufuli alifariki mwezi Machi 2021 bila kuipanda treni hiyo ikiwa na abiria. Ni katika mwaka huo huo wa 2021 ndipo Shirika la Reli Tanzania lilipotia saini na kampuni ya Hyundai Rotem ya Korea ya Kusini mkataba wa kuundiwa vichwa 17 vya umeme pamoja na mabehewa 80 yanayojiendesha yenyewe, yaani seti 10 za mabehewa manane manane, kwa gharama inayokaribia dola milioni 300.

Kwa hiyo nyaya zilitandazwa juu ya reli kabla ya kuwapo chombo cha kuzigusa. Kungoja huku kulikuwa na sura mbili, na katika hilo kulitofautiana na kungoja kote kulikotangulia. Gari la mafuta likifika huenda. Gari la umeme likifika hungoja tena, maana chakula chake hakibebwi kwa pipa. Katika miezi ya mwisho ya 2023, wakati vichwa vya kwanza vikikaribia bandari, nyumba za Dar es Salaam zilikuwa katika mgawo wa umeme, na swali la mtaani lilikuwa moja: treni itakwenda kwa nini? Jibu lilitoka mto Rufiji. Mwezi Februari 2024 mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, wenye uwezo wa megawati 235, uliingizwa katika gridi ya taifa.

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya abiria ilianza safari za Morogoro, na tarehe 25 Julai ikafika Dodoma. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 1 Agosti. Zile seti zinazojiendesha, zenye pua nyembamba ya kukata upepo, zilikuwa zimeanza kuteremshwa tangu Aprili, na hata kabla hazijabeba abiria zilikwisha kupewa jina: Mchongoko. Nani aliyelitamka kwanza halijulikani, kama vile hajulikani wa kwanza aliyesema daladala. Na wazee wengine wangali wakisema gari la moshi, ijapokuwa halina moshi.

Majina haya, yakipangwa kwa mfuatano, ni diwani fupi ya jiji. Kumbakumba, daladala, chai maharage, kipanya, mwendokasi, mchongoko: hakuna hata moja lililoandikwa katika mkataba, wala lililobandikwa kiwandani. Yote yalitungwa na watu waliosimama kituoni, na kungoja ndiko kulikowapa nafasi ya kuyatunga. Hapo subira imevuta heri yake, nayo si haba.

Hata hivyo lisisahaulike tumbo linaloumia. Jina ni mali, lakini halimfikishi mtu kazini. Barghash aliyekingoja kichwa chake cha treni alijua amelipa nini, ameagiza wapi, na wa kumwuliza ni nani. Mama wa Mbagala anayeamka alfajiri kuwahi sokoni amelipa pia, kwa kodi yake na kwa deni ambalo watoto wake watalirithi. Asichokuwa nacho ni barua ya agizo. Hakuna anayemwambia kwamba chombo kimecheleweshwa, wala ni kwa sababu gani, wala hadi lini. Mchongoko humaliza safari ya Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Kutoka Mbagala hadi ilipo stesheni ya kuupandia, mara nyingi asubuhi ya foleni, muda huo huo hupita.